Mlima wa Kufikiwa kwa Basi

Evodius Rutashobya alishuka kwenye basi jekundu mwisho wa njia, akakitazama kile ambacho watu wa Kilburn walikiita mlima, akacheka kwa pua. Kilikuwa kilima. Kwao Bukoba mama yake alipanda na kushuka kilima kirefu kuliko hicho akienda kisimani, na hakuna aliyewahi kumwita mpanda milima. Isitoshe, kilikuwa ndani ya London bado, pembezoni kabisa kusini, pale nyumba zinapokoma na misonobari kuanza. Juu yake, nyuma ya theluji iliyokuwa ikianguka bila haraka, ulionekana mnara wa matofali ambamo zamani walinzi wa msitu walikaa kuchungulia moto. Moto! Katika nchi ambayo mvua hupumzika siku theluji inapoipokea zamu.

"Hapa ndipo kambi ya kwanza," alisema Daktari Mahendra, akichomeka fimbo yake yenye ncha ya chuma kwenye theluji ya kituo cha basi. "Kuanzia hapa tunakwenda pole pole. Mlima haupandwi kwa hasira."

"Naona," alisema Evodius. "Na basi la kurudi linapita kila baada ya muda gani?"

Mahendra aliendelea kuchomeka fimbo. Alikuwa daktari wa meno mwenye zahanati yake Kilburn, na kwa kazi hiyo alizoea kuzungumza na watu wasioweza kumjibu. Alikuwa pia mwanzilishi, mwenyekiti na kiongozi wa safari wa kikundi cha watembeaji kutoka Afrika Mashariki. Alivaa kofia ya sufu yenye kishada, miwani ya theluji, na buti zenye kamba nyekundu. Nyuma yake alisimama mkewe Usha na kikapu cha chakula, na nyuma ya Usha alisimama Alnashir, muuza duka mnene, akihema kabla safari haijaanza.

Wiki iliyopita, katika theluji kama hii ya Januari themanini na saba, kikundi hiki kilipanda hapa kikiwa na watu watano. Walishuka wanne, na mmoja wa hao wanne alishuka na pingu mikononi. Wa tano, mpiga picha mstaafu aliyeitwa Chaman, alishushwa baadaye kwa kamba na machela kutoka chini ya machimbo ya zamani ya chokaa yaliyo nyuma ya mnara. Polisi walikuta uzio wa mbao umevunjika ukingoni, na nyayo za watu wawili tu kwenye theluji safi. Za Chaman zilikwenda na hazikurudi. Nyingine zilikwenda zikarudi, na zilikuwa za buti kubwa mpya za Zephaniah, fundi wa mabasi kutoka Lewisham. Basi. Polisi wa Kiingereza wanaipenda sana theluji kwa kuwa inawafanyia kazi.

Zephaniah alikuwa rumande, amenyimwa dhamana. Akikutwa na hatia ni kifungo cha maisha, na mpaka jana hapakuwa na mtu hata mmoja London aliyeonekana kuwa na wasiwasi kuhusu hatia hiyo, isipokuwa mkewe.

Mkewe, Peris, aliyemwajiri Evodius na kukiomba kikundi kiwaonyeshe mahali pale, ndiye aliyeshuka wa mwisho kwenye basi. Alikuwa nesi, ametoka kazini asubuhi hiyo na bado amevaa sare chini ya koti. Siku ya tukio alikuwa zamu, na tangu wakati huo alikuwa akijilaumu kwa zamu hiyo kana kwamba ni dhambi.

"Mimi sijakuja picnic, Bwana Evodius," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimekuja kuona mahali wanaposema bwanangu aliua mtu. Nikishapaona, uniambie ukweli. Usinifiche hata kidogo."

"Sijawahi kumficha mtu ukweli, dada Peris. Ndiyo maana nilifukuzwa kazi."

Hilo lilikuwa kweli. Evodius alikuwa mpelelezi wa polisi Mwanza mpaka siku alipomwambia mkuu wake, mbele ya gwaride, kwamba ana akili za kuku. Sasa alikuwa na ofisi yake ya upelelezi Walthamstow juu ya duka la vitambaa, na maoni yake juu ya wakuu yalikuwa yaleyale.

Walianza kupanda. Njia ilikuwa pana, imewekewa vibao vya kuonyesha wazee mahali pa kupumzikia, lakini Mahendra aliipanda akiwa ameinama, akipima kila hatua kwa fimbo, na kila baada ya muda aliinua mkono kuwasimamisha watu bila sababu.

"Mwaka sitini na mbili, Kilimanjaro," alianza, bila kuulizwa, "tulipovuka tandiko la juu, lile tambarare kati ya vilele viwili, wapagazi wenyewe walikuwa wanatapika. Mimi nikamwambia kiongozi wetu, twende. Alfajiri nilisimama kileleni. Pale ndipo utajua mwanamume ni nani."

"Na Chaman alikuwa anasema nini ukimsimulia hayo?" aliuliza Evodius.

Mahendra aligeuka. "Kwa nini aseme kitu?"

"Watu wengine husema hongera."

"Marehemu alikuwa mtu wa mzaha," Mahendra alisema, akaongeza mwendo.

Evodius aliuacha mwendo huo uende, akabaki nyuma na Alnashir. Huyo ndiye ambaye Evodius alikuwa amempigia hesabu tangu juzi. Kilburn nzima ilijua kwamba Alnashir na Chaman walikuwa hawasalimiani, na mtu asiyesalimiana na marehemu huwa na maelezo ya kutoa.

"Ulikuwa umemnunia Chaman," alisema.

"Nani kasema?"

"Kila mtu niliyenunua kwake sigara."

Alnashir alisimama, akajifuta jasho, ingawa baridi ilikuwa inauma masikio. "Bwana, harusi ya binti yangu, picha zote kanikata kichwa. Zote! Baba wa bibi harusi hana kichwa. Jamaa zangu Toronto wanapiga simu wananiuliza, huyu mwenye suti ni nani? Namwambia Chaman, ananijibu eti amepunguza kasoro."

"Kwa hilo mtu huuawa?"

"Kwa hilo mtu hununiwa. Mimi nilipanga kumnunia mpaka mwaka huu uishe, halafu tupatane. Sasa nimpate wapi?" Macho yake yalijaa machozi, na Evodius, aliyekuwa hapendi machozi ya watu wanene, alitazama pembeni.

"Na ugomvi wa Chaman na Zephaniah?"

"Huo kila mtu kausikia. Hapa hapa. Chaman kachoka, kamtupia begi lake. 'Boi, shika hili.' Zama zile za zamani zimemkaa kichwani, unajua. Zephaniah kalirudisha begi kifuani kwake, kasema, 'Siku moja utaanguka, mzee, na hakuna mtu atakayekuokota.' Nilipowaambia polisi maneno hayo, wakatabasamu." Aliinamisha kichwa. "Lakini nilifanyaje? Waliniuliza."

Peris alikuwa amesikia. Alipita mbele yao wote, hata Mahendra, akatangulia kufika juu. Mpanda Kilimanjaro alimkuta pale amesimama mlangoni, hahemi.

Ndani ya mnara palikuwa na ukumbi mdogo wa kuingilia, giza tupu, wenye milango mitatu: wa nje, wa ngazi za chuma za kwendea juu, na wa chumba cha chini ambamo walinzi walipikia. Mahendra alimwonyesha Evodius kila kitu kwa ncha ya fimbo. Siku ile, hapa chini walikuwa Usha na Alnashir wakiandaa chakula, mlango umefungwa kuzuia baridi. Chumba cha kati, ngazi ya kwanza, alikuwa Zephaniah, aliyesusa kukaa na wenzake akaenda kulala kwenye benchi, kwa kisingizio cha zamu ya usiku. Juu kabisa, kwenye chumba cha kuchungulia, alikuwa yeye Mahendra, peke yake, akitazama mandhari. Chaman alikuwa ametoka nje kuvuta sigara.

"Na nilipokuwa nashuka kuja kula," Mahendra alimaliza, "benchi lilikuwa tupu. Hilo nimewaandikishia polisi, na nitalisema mahakamani."

"Bwanangu anasema alikuwa amelala," Peris alisema. "Hakuamka mpaka mlipoanza kupiga kelele."

Mahendra alimtazama kwa upole ule wa kumwambia mtu kwamba jino lake haliwezi kuokolewa. "Mama, mimi nasema nilichokiona. Nimemwahidi kumtafutia wakili mzuri. Zaidi ya hapo nifanye nini?"

Evodius alikuwa akifikiria buti. Jana, kituoni, sajini mmoja mwenye mashavu mekundu alimtolea buti za Zephaniah kwenye mfuko wa plastiki kwa fahari ya mtu aliyevua samaki mkubwa. Zilikuwa mpya, soli haijaanza hata kulika. Lakini nyuma ya kila kiatu, pale ngozi inapoinuka kushika kisigino, palikuwa pamebonyea na kukunjika, kana kwamba pamekanyagwa na mtu asiyejali. Evodius aliuliza kwa nini. Sajini alisema labda ndivyo kwao wanavyovaa viatu. Evodius alimshukuru kwa kumwelimisha, akaondoka na lile swali. Peris alikuwa amemwambia kwamba mumewe alizinunua buti hizo baada ya Krismasi na kwamba kila jioni alizipiga brashi. Mtu wa namna hiyo hakanyagi viatu vyake.

"Jamani, ingieni, chakula kinapoa," Usha aliita kutoka ndani. Alikuwa amekwisha kutandika mkeka wa plastiki, jiko dogo la mafuta linawaka, na sufuria ya wali wa choroko inatoa mvuke.

Waliingia mmoja mmoja. Evodius aliketi, akakunja miguu, akapokea kikombe cha chai, na alipokuwa anakipeleka mdomoni aliiona soksi yake mwenyewe. Ilikuwa na tundu dogo kidoleni. Akatazama miguu ya wenzake. Soksi za Mahendra, soksi za Usha, soksi nyeupe za kazini za Peris. Hakuna aliyeambiwa avue viatu, na hakuna aliyeuliza. Wote wanne walikuwa wameviacha ukumbini gizani, katika mnara mbovu wa walinzi wa msitu wa Kiingereza, kwa sababu palikuwa na mkeka na mkeka haukanyagwi na viatu.

Alimtafuta wa tano.

"Alnashir yuko wapi?"

"Kaenda chooni, nyuma huko," Usha alisema. "Kile kibanda kibovu."

Mlango ulifunguliwa, Alnashir akaingia akitetemeka na kusugua mikono. Kwenye soksi zake, nyuma, theluji ilikuwa imeganda vibonge kuanzia kisigino mpaka kifundo. Alikanyaga mkeka, na pale alipokanyaga pakabaki dimbwi.

"Ee, ee, ee!" Usha alifoka. "Mkeka wangu! Mna nini nyie wanaume? Wiki iliyopita nimeanika za Mahendra, leo nianike zako? Vua, lete hapa."

Evodius aliweka kikombe chini. Alinyanyuka, akaenda ukumbini, akawasha kiberiti. Buti zake za kahawia, alizoshonewa na Mtaliano mmoja na ambazo zilikuwa kitu pekee alichokipenda katika nchi hii, zilikuwa zimeachwa upande upande karibu na mlango wa nje. Zilikuwa zimelowa. Na nyuma, pale pa kushika kisigino, zilikuwa zimelala chini zote mbili.

Alirudi nazo ndani, moja kila mkono.

"Umevaa buti zangu."

"Nimevaa?" Alnashir alishangaa kwa dhati. "Nimechomeka miguu tu, bwana. Zangu zina kamba mpaka huku juu, mtu utafungua lini na mkojo umekubana? Zako zilikuwa karibu."

"Uliziazima?"

"Kuazima nini tena? Nimetoka na kurudi! Nyumbani kwako mtu akienda uani huvaa ndala za nani?"

"Za yeyote," Evodius alisema polepole. "Zilizo mlangoni."

Kama angekuwa mtu wa kujionea huruma, angekaa chini. Tangu jana amezunguka na zile buti kichwani, amemdharau sajini, ameidharau polisi yote ya Kiingereza, na yeye mwenyewe, ambaye kwa maisha yake yote hajawahi kuingia kwa mtu na viatu, hakufikiri. Alijidharau kidogo, kwa haki, kisha akarudi kuwadharau wengine.

"Dada Peris, polisi walimwuliza mumeo nini kuhusu buti?"

"Waliuliza kama ni zake. Akasema ndiyo. Wakauliza kama kuna mtu aliyeziazima. Akasema hapana." Alikuwa ameanza kuelewa. "Lakini hakuna mtu... Bwana Evodius, hakuna mtu anayeita hivyo kuazima."

"Hakuna. Na hakuna hata mmoja wenu aliyewaambia polisi kwamba mlivua viatu, kwa sababu ni kama kuwaambia mlikuwa mnapumua. Na wao hawakuuliza, kwa sababu wao hupanda na viatu mpaka kitandani. Zephaniah alikuwa juu amelala na soksi. Buti zake, kubwa kuliko zote na rahisi kuliko zote kuchomeka mguu, zilikuwa mlangoni. Mtu alichomeka miguu, akatoka, akarudi."

Alnashir alirudi nyuma mpaka akagota ukutani. "Usinitazame hivyo. Siku ile mimi sikutoka! Nilikuwa nakata kachumbari. Ushaben, dada yangu, mwambie!"

"Hakutoka nje," Usha alisema. "Alikwenda hapo ukumbini tu, kuchukua vitunguu kwenye begi, akarudi analalamika."

"Nalalamika kwa sababu nilijikwaa! Buti za Mahendrabhai, hizi zenye kamba nyekundu, kaziacha katikati ya njia. Nilikwenda mara ya pili kuchukua chumvi, nikajikwaa tena."

Mahendra alicheka. Alikuwa bado ameketi, mgongo umenyooka, sahani mapajani. "Asante, Alnashir. Umesikia, Bwana Mpelelezi? Buti zangu hazikuondoka mlangoni. Na nyayo zangu hazikuonekana popote nje. Sasa endelea, tafuta mtu mwingine wa kumsingizia."

"Nimesikia," Evodius alisema. "Buti zako hazikuondoka. Nauliza soksi zako zililowa wapi."

Usha alikuwa ameshika soksi za Alnashir kwa vidole viwili, akazitazama.

"Juu," Mahendra alisema. "Dirisha moja limevunjika. Theluji imeingia, nikaikanyaga. Nilimweleza mke wangu siku ileile."

"Ndivyo alivyoniambia," Usha alisema.

Evodius alipanda ngazi za chuma. Katika chumba cha kati aliliona benchi, pana, limewekwa mkabala na ngazi, na hakuna mtu ambaye angeweza kupita hapo kwenda chini bila kuona kama mtu wa kimo cha Zephaniah amelala juu yake. Alipanda tena. Chumba cha kuchungulia kilikuwa cha vioo pande zote. Alipita dirisha moja baada ya jingine, akiligonga kwa kidole. Yote yalikuwa mazima. Yalikuwa yamepigwa misumari yasifunguke, na juu ya misumari pakapakwa rangi, na rangi yenyewe ilikuwa imekwisha kubanduka kwa uzee. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Nzi waliokufa kiangazi kilichopita walikuwa bado pembezoni, wakavu. Kutoka hapo, kwa yule mwenye kupenda mandhari, ungeweza kuona maghorofa ya Croydon na moshi.

Alishuka akiwa hana haraka.

"Hakuna dirisha lililovunjika," alisema.

"Basi wamelitengeneza."

"Na rangi ikazeeka ndani ya wiki moja?" Evodius aliegemea mlango. "Nikueleze mimi, utanisahihisha nikikosea. Umezoea kusahihisha. Ulikuwa juu, ukamwona Chaman akienda ukingoni na sigara yake. Ukashuka. Ukampita Zephaniah amelala, anakoroma labda. Buti zako zina kamba ndefu za kupandia Himalaya, na ulitaka neno moja tu na Chaman, ukachomeka miguu kwenye kiatu kilichokuwa karibu. Sidhani kama ulikusudia kumtia mwenzako matatani. Wewe hufikirii watu kiasi hicho. Ulifanya tu vile ambavyo sisi sote hufanya. Ukaenda ukiburuza kiatu, kisigino nje, theluji inaingia. Ukarudi peke yako. Ukapanda juu tena kimya kimya, halafu ukashuka kwa kishindo, ukauliza chakula kiko wapi. Kilichobaki ni kwamba sijui ni neno gani ulilotaka kumwambia."

"Hujui kwa sababu hakuna!" Mahendra aliiweka sahani chini. "Mtu wa Walthamstow, juu ya duka la vitambaa, unakuja kunifundisha mimi? Nimehudumia meno ya mabalozi! Nani atakusikiliza?"

"Ni habari ya Kilimanjaro," Usha alisema.

Alisema kwa Kiswahili chake cha Moshi, kilichonyooka, bila kumtazama mtu.

"Usha, nyamaza."

"Chaman alikuwa na studio Moshi. Watu wakiteremka mlimani alikuwa anawapiga picha na mataji ya maua. Mwaka sitini na mbili alikuwa getini, chini ya mlima. Alimwona huyu analetwa kwenye machela kutoka kibanda cha kwanza. Kibanda cha kwanza, mahali watoto wa shule wanakwenda kula maandazi. Miaka yote Chaman alinyamaza, alikuwa anacheka tu. Siku ile, njiani, aliniambia, 'Ushaben, leo tukishakula nitawapa hadithi moja nzuri.' Alisema kwa sauti. Mahendra alikuwa mbele yetu."

Alnashir alishika kichwa chake. "Kwa hilo?" alisema. "Kwa hilo, Mahendrabhai?"

"Nilimwomba asiseme!" Mahendra alikuwa amesimama sasa, kofia yake ya kishada imekaa upande. "Nilimwomba kama mtu na ndugu yake. Alinicheka. Alinicheka usoni, akanifanyia vile nilivyokuwa kwenye machela, ulimi nje. Nilimsukuma kidogo tu. Kidogo! Uzio ulikuwa umeoza. Ni baraza la wilaya la kulaumiwa, si mimi. Ilikuwa ajali."

"Basi ungepiga kelele," Evodius alisema. "Watu wakipata ajali hupiga kelele."

Peris alikuwa amemsogelea Mahendra, karibu sana, vile manesi wanavyowasogelea watu wanaosema hawaumwi. Hakupandisha sauti.

"Na bwanangu? Ulimwona akifungwa pingu. Ulijua alikuwa amelala. Ulimpita amelala."

"Nilidhani watamwachia baada ya siku mbili tatu. Nilidhani hawatakuwa na ushahidi."

"Wewe ndiye ushahidi. Wewe ndiye ulisema benchi ni tupu."

Mahendra alilamba midomo. Kisha, kwa kuwa kiburi kilikuwa kimekaa ndani yake zaidi kuliko akili, alisema, "Mama, elewa. Mimi nina jina. Nina zahanati, nina watu wananitegemea. Yeye ni fundi wa mabasi. Mtu kama yeye anaweza kustahimili mambo kama haya. Sisi hatukuzoea."

Evodius, ambaye kwa miaka mingi alijivunia kuwa na neno la kumshusha kila mtu, alitafuta neno la huyu akalikosa. Hata kumdharau kulionekana kuwa ni kumpa hadhi. Alichukua koti lake.

"Tutashuka wote," alisema. "Kituo cha polisi kiko njiani kwa basi. Nina kiatu kilichokanyagwa, nina madirisha mazima, na nina maneno ya watu watatu waliomsikia. Lakini nitasema wazi, dada Peris, kwa sababu uliniomba nisikufiche. Huyu akifika chini atakana, na wakili wake atasema soksi zilikuwa kavu siku ile, na mtu mmoja tu ndiye aliyezishika." Akamgeukia Usha. "Mama, wewe ni mkewe. Sheria ya hapa haiwezi kukulazimisha kusema dhidi yake. Unaweza kunyamaza, na Zephaniah atabaki alipo."

"Usha," Mahendra alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mwenye nyumba. "Kusanya vyombo."

Usha alizima jiko. Alifunika sufuria, akafunga kifuniko kwa kitambaa kama alivyofanya kila safari.

"Mwanangu," alimwambia Peris, "mtu akianguka pale, hufa papo hapo?"

Peris alimgeukia. "Mara nyingine, Mama. Mara nyingine si papo hapo."

Usha alitikisa kichwa polepole. Kisha alinyanyuka, akamwendea mumewe, akamtazama kuanzia kile kishada mpaka chini.

"Nitasema," alisema. "Kwa polisi, kwa jaji, kwa yeyote. Soksi nilizianika mimi, juu ya jiko hili, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye moto. Kusukuma mtu, sawa, hasira. Kuogopa, sawa, hata mbwa anaogopa. Lakini Chaman alikuwa kule chini, labda yuko hai bado, labda anaita. Na wewe ulikaa hapa, ukakunja miguu, ukala, ukaomba sahani ya pili. Ukaniambia chumvi imepungua."